Karibu Tena

Dirisha la malipo, mochari ya Kisumu,
saa tatu kasorobo asubuhi.
Kioo kina tundu la kupitishia pesa
na sauti nayo hupenya papo hapo.
"Hujambo?" akauliza karani.
"Sijambo," nikajibu,
na jambo lenyewe limelala nyuma ya ukuta,
droo ya kumi na moja,
kidoleni lina kibandiko
chenye jina la shangazi Nerea
lililokosewa herufi.

Nikalipia siku nne.
Akahesabu noti mara mbili, akagonga muhuri,
akanipa risiti kwa mikono miwili
kama tulivyofunzwa sote,
kisha, macho bado kwenye daftari:
"Asante. Karibu tena."

Nimkasirikie vipi?
Mimi huuza ndoo na karai pale Kibuye,
neno hilo hunitoka kabla ya chenji.
Nimemkaribisha tena aliyenitukana mama,
nimemkaribisha tena aliyeondoka na kikombe changu kwapani.
Na shangazi mwenyewe, Mungu amrehemu,
alikuwa mtu wa "jisikieni nyumbani"
huku akisogeza kopo la sukari nyuma ya pazia,
halafu anatulisha hadi tunashindwa kuinuka,
anaomba radhi: "Poleni, leo chakula ni kidogo."

"Asante," nikamwambia karani. "Nitakuja."

Tukasikia.
Yeye la kwake, mimi la kwangu.
Mkono ukamruka mdomoni, muhuri ukaanguka.
Kifuani ameandikwa Apondi.
Mimi nikacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatano,
kibaya, cha kukwaruza,
naye akacheka kwa kuona haya
hadi mlinzi akachungulia.

Kisha akasema, "Pole."
Lile lile tunalompa aliyejikwaa,
aliyenyeshewa, aliyeunguzwa na chai,
na anayetoka kazini bila hata mchubuko.
Limechakaa, limepita mikono mingi.
Lakini safari hii hakulisukuma tu tunduni.
Aliliinua kwanza kwenye mwanga
kama noti anayoishuku,
akaligeuza,
ndipo akanipa.

Nililipokea. Sikuwa na la kurudisha.

Nje, dereva wa kutupeleka Seme
alikuwa akifuta vumbi kwenye taa za gari.
"Za huko ndani?"
"Nzuri," nikasema,
nikaenda kufungua mlango wa nyuma.