Barabara

Kitabu cha kwanza kiko kabatini, nyuma ya birika la kahawa.
Ngozi ya jalada imepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Mimi ni karani wa sita wa Halmashauri ya Lipnik, Saskatchewan,
wa kwanza kukisoma kwa kunong'ona Kiswahili.

Aprili 1912. Kikao jikoni kwa Pidlubny,
kwa kuwa ndiko kulikokuwa na moto.
Wajumbe watano, kalamu moja.
Imeamuliwa: senti moja kwa kila mkia wa kindi wa shimoni.
Imeamuliwa: asiye na fedha alipe kodi kwa mgongo,
siku mbili, farasi wawili, sepetu yake mwenyewe.
Ukurasa wa tisa: mikia mia nne na kumi na mmoja.
Mlipwaji: Olha, binti Wasyl, umri miaka minane.

Kitabu hakisemi nani alipita hapa kabla ya ukurasa wa kwanza.
Delphine Lafournaise, msimamizi wa jalala,
husema bila kupandisha sauti:
mkokoteni wa bibi wa bibi yangu ulipita palepale
mlipochomeka kibao chenu cha kusimamisha magari.
Nimeyaandika hayo pembeni, kwa penseli.
Mpaka leo hakuna aliyefuta.

Ardhi ya huku imepigwa mistari kama daftari la hesabu,
maili kwa maili, na upepo unafuta majibu.
Reli iling'olewa. Shule ikawa banda la matrekta.
Siku ya kuangusha ghala la nafaka
watu walikuja na viti vya kukunja na mikate,
wakatazama, wakala kimya, kama matangani.
Kaya mia tatu zimebaki arobaini na mbili.
Barabara hazikupungua hata moja.

Simu hulia. Kalavati imeziba kwa Friesen.
Mbwa huyu ni wa nani, jalala linafunguliwa lini.
Mtu anauliza bei ya kaburi, anasema ni la jirani,
na sauti yake inajua kuwa si la jirani.
Jina langu Mwanakombo. Wao huniita Mwana,
wakidhani wamefupisha tu,
kumbe wamenifanya mtoto wa kila nyumba.

Januari iliyopita hoja iliwekwa mezani:
maili tatu za mwisho za Barabara ya Kumi na Nne.
Nyumba moja, mkazi mmoja,
Stefania wa Olha, miaka tisini na moja.
Dizeli niliipigia hesabu mimi mwenyewe,
na hesabu haikudanganya.
Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
Nikaenda kabatini.
Nikasoma kwa Kiingereza changu chenye chumvi ya Pangani:
Wasyl, siku mbili, farasi wawili.
Mwaka uliofuata, siku mbili, farasi mmoja.
Zilikuwa maili zilezile.
Birika likakohoa.
Hoja ikalala, haikuamka.

Stefania alifariki Machi, theluji ikiwa bado ngumu.
Orest alikesha na greda
ili gari la maiti lifike bila kusukumwa.

Sasa ni Novemba. Nyumba ile ina giza, umeme umekatwa.
Kwenye fomu ya Orest ya asubuhi
kuna saa moja na robo isiyo na maelezo.
Mafuta yanalingana nayo.
Simuulizi, naye haniangalii, anasugua mikono juu ya hita.
Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa.
Hii ina maili tatu, na mwishoni hakuna mtu.

Kwetu neno moja hubeba mizigo miwili:
barabara ya kupita,
na barabara, yaani sawasawa, bila kasoro.
Kwenye safu ya hali ya njia
naandika neno ambalo mkaguzi kutoka Regina
atalizungushia wino mwekundu:
barabara.