Friji Moja, Masoko Matatu

Nimeipiga picha kibarazani, hapa Kadutu,
mlango wazi, ndani daftari na viatu:
umeme ukija siku mbili kwa juma
friji huzoea ukabati.

Soko la kwanza la simuni niliandika dola themanini.
La pili, tisini, maana kule hupunguza hata salamu.
La tatu sikutaja bei. "Niandikie faragha," kama wakubwa.

Siku ya nne naikuta friji yangu
imehamia Nguba, dola mia na hamsini,
"imetoka Ubelgiji, haijaguswa."
Mguu wa Nabintu bado uko pembeni mwa picha,
na kandambili ya kijani niliyoishona kwa waya.

Nikapiga simu. Sauti ya upole:
mwenyewe yuko safarini, tanguliza kumi.
Je, inagandisha?
"Mzee, inagandisha mpaka maji yanalia."

Nikakata. Nikasimama mbele yake,
nikaufuta mlango kwa mkono wa shati.
"Baba, nani ameinunua?"
Bado, nikasema.
Nikarudi soko la kwanza,
nikafuta themanini, nikaandika mia.
Viatu nikavitoa.