Makaa Yasiyouzwa

Mwaka ule mwani ulitupwa Mayungu hadi magotini,
ukaoza, ukanuka mayai viza,
na hoteli ikamlipa mwanangu Ngumbao mia nne kwa siku
achimbe shimo, aufukie,
kesho aanze upya.
Bahari haichoki kutapika.

Nikamwambia: ulete nyumbani.
Akacheka.
Nikamwambia tena: ulete.

Mapipa mawili, moja ndani ya jingine.
Fundi Nyamawi aliyatoboa matundu kwa msumari,
kwa kukisia na kubishana.
Mwani mkavu tukauziba humo, usipate pumzi.
Ulipoanza kufuka, moshi wenyewe ukashika moto,
na juu yake kunde zikatokota
nami sijaongeza hata kijiti.

Kilichobaki ni weusi,
mwepesi, unaolia kama vigae ukiuvunja.
Tukauchanganya na udongo kwenye tuta la mchicha.
Siku ya tano mchicha wote ukalala.
Chumvi!
Tulikuwa tumeinywesha ardhi bahari.
Wifi yangu Kadii hakusema neno.
Alipita, akalitazama tuta, akapita tena.

Kuosha mwani kwa maji ya dumu, la shilingi ishirini?
Nani ana ubavu huo.
Tukautandaza juu ya makuti,
tukaingoja vuli.
Mvua huosha, haidai.

Jana mnunuzi wa makaa alizima pikipiki mlangoni,
akahesabu magunia tisa, akauliza bei.
Hayauzwi.
Ya jikoni, mama?
Ya kuzikwa.
Akanitazama vile watu wanavyomtazama mjane
aliyeanza kusemezana na kuku.

Nilitaka kumwambia
kwamba hewa hii chafu tunayoilalamikia
mwani uliinywa kule chini, ukaifanya jani;
kwamba jani likioza, hewa inarudi ilikotoka,
lakini likishaungua gizani hivi, bila pumzi,
linakuwa kaidi: mchwa halimtaki,
mvua hailiwezi,
na mjukuu wa Ngumbao atalikuta hapa, jeusi vile vile.
Nikasema tu, kwaheri, baba.
Pikipiki ikakohoa, ikaondoka.

Leo Ngumbao analima kwa jembe lile lile la hoteli.
Mchicha wa safari hii una majani manne. Sijausifu bado.
Mama, anauliza, shimo liende chini kiasi gani?
Kiganja mpaka kiwiko, namwambia, usizidishe.
Mizizi ina mikono mifupi.