Bado Moja

Ijumaa, saa kumi alasiri, mita elfu kumi.
Raundi ishirini na tano, nami nimezihesabu
tangu Mpwapwa, ndani ya basi, kwa vidole vya miguu.
Namba kifuani imeshikwa na pini tatu;
ya nne niliazimwa, ikakatika.

Upepo wa Julai, Dodoma, hauna adabu.
Ulikuja na vumbi la Makole, ukamkuta karani
na kadi zake za kuhesabia raundi,
ukafunua mbili kwa mpigo.
Nikaona: moja.
Na papo hapo, nje ya uzio, kengele ikalia.

Nikafyatuka.
Nikampita Tluway wa Mbulu kama nampita aliyesimama,
nikampita yule askari Magereza wa viatu vya kijani,
mapafu yakiwasha kama pilipili iliyodondokea moto,
nikavuka mstari, mikono juu,
nikaanguka kwenye majani makavu nikicheka.

Jukwaa zima: "Bado moja! Dada, bado moja!"

Nikaona migongo yao ikienda.
Nikaiambia miguu, inukeni. Haikunisikia.
Na ile kengele ilikuwa ya mwuza barafu:
baiskeli, sanduku la bluu,
mtoto mmoja mwenye sarafu ya mia mbili.

Jumamosi haikuwa na mbio.
Ilikuwa na beseni la maji ya chumvi
kwa shangazi Nhonya, Chang'ombe,
mlenda, ugali wa uwele, na swali lisiloulizwa.
Nilipotumwa nyanya soko la Majengo
muuzaji alihesabu, tatu, nne, akanitazama usoni,
"Dada, bado moja," akatia ya tano.
Sijui kama alikuwa ananitania.
Nilicheka nusu. Nusu nyingine nikarudi nayo nyumbani.

Usiku shangazi akasema, ukitaka,
kuna basi la alfajiri. Elfu tano si lazima.
Nikamwambia nimeshalipia kiingilio.
Haikuwa sababu, lakini ilitosha.

Jumapili, raundi kumi na mbili na nusu.
Sikutazama kadi ya mtu.
Nilifumbata punje kumi na mbili za mahindi,
ile nusu sikuihesabia;
kila raundi ikiisha, nadondosha moja.
Jasho likazigandisha. Ya saba na ya nane
zilitaka kutoka pamoja, nikazihisi,
nikairudisha moja kwa kidole gumba.
Kengele ya kweli ilipolia
kiganjani ilikuwapo punje moja.

Tluway alishinda. Mimi wa nne,
nafasi isiyo na hata utepe.
Lakini mstarini sikusimama.
Mwamuzi akapuliza filimbi,
akanifuata hatua mbili, akaacha.
Nilikuwa na mita mia nne za Ijumaa.
Nikazikimbia peke yangu, pole pole, njia ya nje,
huku wanapanga meza ya medali
na mtu anajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.

Nilipofika usawa wa uzio
mwuza barafu hakuuliza kitu.
Alinitazama, akaitazama baiskeli yake,
akapiga.