Daftari la Pili

Mimi ni karani. Nalipwa kuandika
"ilijadiliwa" na "iliazimiwa",
silipwi kuandika nani alipiga meza.
Lakini ninalo daftari jingine, hili,
nililonunua Mbuyuni kwa mia nane,
na humu natumia wino.

Machi, ukumbi wa Rau.
Daktari Elinisafi, mchumi, alisimama na chati,
mshale unapanda kama bwana harusi anayekwenda ukweni.
"Kufikia Desemba," akasema, "kilo ya kahawa
itagusa elfu kumi na mbili."
Anaeli, aliyesoma mita za umeme miaka thelathini na moja,
hakungoja nafasi yake:
"Itagusa nini? Itagusa ardhi!
Namba nimezisoma milangoni kwa watu, mwanangu.
Namba haijui kesho.
Namba inajua ulichokwisha kula."
Makofi. Wakawekeana dau mbele ya watu themanini:
beberu mweusi, asiye na kilema.
Niliandika: Wajumbe walitofautiana kuhusu makadirio.

Juni. Kinu cha kukoboa kinataka nguvu.
Kandida wa ushirika alitaka paneli.
"Mwezi wa saba," akajibiwa, "jua la Moshi ni tetesi."
Basi mtambo mdogo, kwenye mfongo wa babu zetu?
"Mwezi wa tisa mfongo ni barabara ya vyura."
Anaeli akainuka. Gridi, akasema,
gridi ya taifa, nguzo zile anazozijua kwa namba
kama wajukuu wake,
gridi haichagui mwezi, gridi hai—
Umeme ukakatika.
Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha wote.
Yeye mwisho, kicheko kifupi,
kama mtu aliyemeza kokwa.
Nikaendelea kuandika kwa tochi ya simu ya Elinisafi;
aliishika juu ya daftari saa nzima,
mkono unamtetemeka,
na habari ya beberu hakuitaja.

Agosti ilisomwa barua.
Ombeni, kijana anayerusha mikutano yetu mubashara,
anatakiwa awe na leseni.
Ni haki, wakasema wa mbele, uongo una mbio kuliko bodaboda:
nani alitangaza mtandaoni kuwa chulebuni
hutibiwa kwa majivu na magadi?
Mibuni ya mama Ndeshi si iliungua hadi mizizi?
Kimya.
Kweli iliungua. Nilikwenda kumpa pole.
Ndipo sauti ikatoka nyuma, sikuona ya nani:
"Na uongo wenye muhuri, huo leseni yake hukatwa wapi?"
Ombeni akaizima simu, akailaza kifudifudi mezani,
taratibu, kama unavyofunika chakula alichokiacha mgonjwa.
Mwenyekiti akaniinamia sikioni.
"Hilo la muhuri, futa."
Nikafuta. La kule ni penseli.

Desemba. Bei ya kilo:
ileile ya Machi. Haikupanda, haikugusa ardhi,
ilisimama katikati ya njia ikiwatazama wote wawili.
Elinisafi akasema ni mvua za vuli.
Anaeli akasema, "Si nilisema?" Hakusema.
Kwetu ukimkosea jirani unachuma sale,
unakwenda nalo mkononi,
na mwenye mlango hawezi kukufungia.
Kuna sale la ng'ombe aliyekula mahindi ya watu,
kuna sale la tusi, hata la damu.
Niliwatazama mikono.
Huyu alishika chati mpya, ya mwakani.
Yule alishika miwani,
akaivaa, akaisogelea ile karatasi pole pole
kama mita ya nyumba yenye mbwa.
"Mshale huu," akauliza, "umeanzia wapi?"
"Kaa nikuoneshe."
Akakaa.

Sikujua niliandike daftari lipi.
Nje, beberu wa dau, ambaye hadi jana
bei yake hakuna aliyeikadiria
na sasa sokoni ni maradufu,
alikuwa amefungwa kwenye ua wa masale,
anatafuna jani baada ya jani.