Upindo

Semina ilikuwa hotelini, juu, penye feni zisizopiga kelele.
Kijana wa shati jeupe akaandika ubaoni:
NGUVU YAKO YA USHINDANI NI IPI?
Akatugawia dakika tano na kalamu ya bure.
Muuza samaki wa kukaanga akaandika: bei.
Wa simu akaandika: mtaji, inshallah.
Mimi karatasi nikairudisha nyeupe,
kalamu nikaitia mkobani.

Nina cherehani mbili hapa Barani,
moja inakohoa.
Ng'ambo ya barabara, duka la vioo
linauza sare kutoka Nairobi,
zimekunjwa ndani ya nailoni kama mikate,
rahisi kuliko kitambaa changu kabla sijakitia mkasi.
Januari ile nilishona sketi nne.
Nne! Nyevu, ninayemfunza kazi,
akauliza kama kesho aje.
Njoo, nikamwambia, angalau tupige soga.

Nisichokiandika ni hiki:
mimi huacha upindo.
Inchi tatu kwenye sketi, mbili kwenye suruali,
nguo ya mwakani imelala ndani ya nguo ya leo.
Mzazi haoni, nami sisemi.

Na watoto wa Malindi hurefuka, jamani,
hurefuka hata wakiwa wamelala njaa.

Mwaka uliofuata wakaanza kuja:
Mama Kahindi na sketi ya bintiye, magoti nje;
Bwana Shekuwe, suruali tatu ndani ya mfuko wa unga.
"Fundi, hii yaongezeka?"
Nikafumua. Upindo ukashuka,
buluu mbichi chini ya buluu iliyochoka,
mstari wa zamani ukionekana, sikatai.
Sikuwatoza.
Nyevu akaninong'oneza: "Na sisi tutakula nini?"

Tulikula.
Nyuma ya kila sketi ya kushusha
alisimama mdogo mtu, kamasi puani,
anayeingia darasa la kwanza bila sare.
Daftari langu sasa lina watoto mia mbili na kitu:
kiuno, bega, kimo,
na nani anaogopa zipu.

Juzi kaja mke wa mwenye duka la vioo,
mtandio hadi machoni, sare yao wenyewe mkononi.
Nikaigeuza. Upindo wa nusu inchi.
Hakuna cha kushusha.
Nikamuungia kipande.
Yeye nilimtoza.

Kalamu ya semina ingali inaandika.
"Nyevu, soma futi."
"Ishirini na mbili."
"Ongeza tatu."