Jina Bado

Saa kumi na moja za picha,
sekunde tisini za kufungulia.
Hiyo ndiyo hesabu aliyoniachia Luhende, mwongozaji wetu,
akanikabidhi diski, akapanda bodaboda kwenda Kitete
kumwangalia shangazi yake aliyelazwa,
na kabla kofia haijamkaa sawa akasema: "Kata bila huruma."

Niko chumbani Isevya, laptopu juu ya kreti la soda,
feni imekufa tangu Jumatatu.
Nakata.

Reli ikitetemeka kwa joto: sekunde nne.
Hapo litakaa jina la Mhoja, mshika kamera,
aliyelala kifudifudi kwenye kokoto mpaka kiwiko kikachubuka.
Moshi kwenye mdomo wa mzinga wa gome: sita.
Hapo Kasubi wa sauti,
ingawa sauti yenyewe ni nyuki tu, na nyuki hao walimuuma mara tatu.
Masega yakikamuliwa juu ya beseni la bluu,
asali ikishuka kama mgeni asiyetaka kuaga:
nimeipa nane. Nimepunguza, saba. Nimerudisha, nane.
Asali haiharakishwi, hata na mtihani wa Ijumaa.

Herufi nimejaribu za aina thelathini na mbili.
Moja ina mikia kama kadi ya harusi.
Nyingine inatisha kama tangazo la mnada wa benki.
Nimebaki na ile nyembamba, nyeupe.
Jina likikaa juu ya moshi linapotea,
likikaa juu ya asali linasomeka.
Lina funzo hilo, najiambia, halafu najicheka:
funzo gani, ni rangi tu.

Tatizo ni jina la filamu yenyewe.
Sekunde ya sabini na moja, katikati ya skrini,
kuna kisanduku nilichokiandika JINA BADO.
Luhende alitaka "Utamu"; Mhoja akasema hilo ni la biskuti.
Kasubi alitaka neno la Kinyamwezi,
tukabishana namna ya kuliandika mpaka chai ikaota ngozi.

Saa nne usiku nakutana na kipande cha mia mbili na kumi na tatu.
Kwenye orodha hakimo. Mhoja alisahau kuzima.
Kamera inaning'inia, inatazama kandambili, ndoo, majivu.
Halafu Mama Kalunde, mwenye mizinga,
ambaye siku tatu tulimwambia, "Usitutazame, mama, jifanye hatupo,"
anainama, uso unajaa fremu nzima,
moshi ungali kwenye nywele,
anaiuliza lenzi:
"Ninyi watoto, mmeshakula?"

Hakuna anayejibu. Tunasikika kwa mbali tukigombania mwanga.
Anasubiri. Nimehesabu, sekunde tano nzima.
Kisha anaifuta lenzi kwa pindo la kanga,
kanga yenye asali,
na tangu hapo picha zote za siku ile zina ukungu
ambao tulimlaumu nao fundi wa Kanyenye, masikini,
tukamnyima salio lake la elfu tano.

Najua Luhende atasema: anatazama kamera.
Ni kosa. Limo kwenye kitini, ukurasa wa tisa, limepigiwa mstari.
Nimelibandika sekunde ya sabini na moja.
Masega nimeyarudisha kwenye tano, kumpisha.
Naipitia karatasi ya majina: kumi na tisa,
yupo hadi aliyetuazima jenereta, na lilikuwa bovu.
Yeye hayumo.
Namwandika. Kalunde. Sijui jina la baba yake,
naacha nafasi.

Kisanduku nimekiacha palepale, chini ya kidevu chake.
LUKU inasoma uniti moja nukta mbili.
Mstari wa kijani unatambaa: asilimia thelathini na nane,
thelathini na nane, thelathini na tisa.
Nyuma ya nyumba behewa la mizigo linagongwa na jenzake.
Naucheza tena mwanzo, kimya kimya, bila vipokea sauti,
na midomo yake inapofika pale,
Bado, mama, najibu.
Tangu asubuhi.